Lupasi na sitokini: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nimefanya kazi maabara ya hospitali kwa miaka kumi na tisa, na mdogo wangu anaishi na lupasi. Maswali haya nimeyakusanya kwenye benchi la kliniki, kwa akina mama na wasichana wanaosubiri kuitwa, na mengine aliniuliza mdogo wangu mwenyewe usiku, maumivu yakimnyima usingizi. Nayajibu kwa urefu kwa sababu nimeona mgonjwa anavyotulia akishaelewa kinachotokea ndani ya mwili wake. Mambo ya dozi yako na vipimo vyako yazungumze na daktari anayekuhudumia.

Daktari kaniambia nina "ugonjwa wa kinga". Ndiyo UKIMWI huo?

Hapana. Naanza na hili kwa kuwa ndilo linalowatoa watu machozi kabla hawajafika hata getini. Jina UKIMWI limebeba upungufu wa kinga ndani yake, kwa hiyo sikio letu likisikia "kinga" tu, moyo unaruka. Katika lupasi kinga haijapungua, imechachamaa. Inafanya kazi kupita kiasi na inamshambulia mwenye mwili: ngozi, viungo, figo, damu, mapafu, moyo, hata ubongo. Haiambukizwi kwa kujamiiana, kwa kula sahani moja, kwa kulala kitanda kimoja wala kwa kunyonyesha. Ndugu wakija kukujulia hali wakakaa mbali mbali, waambie hivyo, na wasogee.

Sitokini ni kitu gani?

Ni protini ndogo sana ambazo seli za mwili hutumiana kama ujumbe. Seli moja inazitoa, zinasafiri kwenye damu au kwenye majimaji yaliyo kati ya seli, zinafika kwa seli nyingine na kunasa kwenye kipokezi chake. Iliyopokea inabadili mwenendo: inaanza kugawanyika, inahamia penye jeraha, inatengeneza silaha, au inanyamaza. Sitokini ni nyingi na majina yake yanafanana na namba za magari: IL-6, IL-10, IL-17, TNF, BAFF. Hiyo IL ni kifupisho cha intaleukini, yaani mjumbe wa kati ya chembe nyeupe za damu.

Wahenga walisema mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Ukichomwa na mwiba, seli za pale zinapiga mbiu kwa sitokini. Mishipa midogo ya damu inapanuka, chembe nyeupe zinakuja mbio, na mahali pale panapata joto, panavimba na kuuma. Kwa Kiswahili cha hospitali hali hiyo ni mchochota. Mwiba ukishatoka, sitokini za kutuliza zinafuata, na baada ya siku mbili tatu umesahau. Kwa mwenye lupasi mbiu inalia mwezi hadi mwezi, na ukitafuta mwiba huuoni.

Kama hakuna adui, nani anapiga hiyo mbiu?

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu aliyeelewa hapa ameelewa karibu kila dawa atakayopewa.

Kila siku mabilioni ya seli zetu hufa kwa utaratibu wa kawaida, na seli walaji hupita kuzizoa kama wafagiaji wa soko jioni. Katika lupasi uzoaji huo unasuasua. Kuna ushahidi mzito wa hilo: watu wachache wanaozaliwa bila protini iitwayo C1q, ambayo kazi yake mojawapo ni kuweka alama kwenye seli zilizokufa ili zizolewe, karibu wote hupata lupasi. Takataka zikibaki, vinasaba vilivyokuwa vimefungiwa ndani ya kiini cha seli vinabaki nje, wazi. Kuna chembe nyeupe nyingine, nyutrofili, ambazo zinapokufa hutupa nyavu zilizofumwa kwa vinasaba vyao wenyewe. Nyavu hizo zilielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 2004, na wagonjwa wa lupasi wanazo nyingi na zinachelewa kuvunjwa.

Kisha zinakuja kingamwili, yaani protini ambazo kinga hutengeneza ili kumkamata adui. Mgonjwa wa lupasi ana kingamwili zinazokamata vinasaba vyake mwenyewe, na hizi ndizo tunazozitafuta maabara tunapopima ANA na anti-dsDNA. Kingamwili na vinasaba vikishikana vinakuwa furushi, na furushi hilo linamezwa na seli adimu ambazo katika damu hazifiki hata moja katika kila chembe nyeupe mia. Ndani ya seli hiyo kuna vipokezi viwili, TLR7 na TLR9, vilivyowekwa kunusa vinasaba vya virusi na bakteria. Vinakutana na vinasaba vya mwenye mwili mahali visipotarajiwa, vinadhani kirusi kimeingia, na seli inamwaga sitokini iitwayo intaferoni alfa kwa wingi ambao hakuna seli nyingine inayoufikia.

Intaferoni inaziambia seli zote zijiandae kwa vita. Mojawapo ya matokeo yake ni kutolewa kwa sitokini nyingine, BAFF, ambayo huzipa uhai seli B, yaani seli zinazozaa viwanda vya kingamwili. Seli B ambazo zingekufa kwa kuwa zinaulenga mwili wenyewe zinabaki hai. Zinatengeneza kingamwili zaidi, mafurushi yanaongezeka, intaferoni inaongezeka. Gurudumu linajizungusha lenyewe. Kila dawa ya lupasi utakayoisikia inajaribu kulizuia mahali fulani.

Hiyo intaferoni iligunduliwaje, na ilihusishwaje na lupasi?

Mwaka 1957 Alick Isaacs na Jean Lindenmann, wakiwa London, waliweka virusi vya mafua vilivyouawa kwenye utando wa yai la kuku. Waliona kwamba seli za utando zinatoa kitu kinachozizuia seli nyingine zisiingiliwe na virusi, wakakipa jina intaferoni, maana kinaingilia kazi ya virusi. Mwaka 1979 watafiti wa Marekani wakaripoti kuwa intaferoni imejaa kwenye damu ya wagonjwa wa lupasi, hasa ugonjwa unapowaka. Wengi hawakujua walitie wapi jambo hilo.

Halafu ukaja ushahidi wa aina nyingine. Wagonjwa waliotibiwa kwa sindano za intaferoni kwa sababu ya saratani au homa ya ini walianza, baadhi yao, kupata kingamwili za lupasi, na wachache wakapata lupasi kamili. Mwaka 2003 teknolojia ya kusoma maelfu ya jeni kwa pamoja ilipofika, makundi mawili ya watafiti yakaangalia damu ya wagonjwa na kukuta alama ileile: jeni zinazowashwa na intaferoni zimewaka, kwa watu wazima wengi na kwa watoto karibu wote. Tangu hapo intaferoni ikatoka pembeni ikawa katikati ya somo.

Mbona nachoka hivi, na wengine wanadhani ni uvivu?

Kumbuka siku uliyopata mafua makali: mwili mzito, misuli inauma, chakula hakipandi, hutaki kusemeshwa. Hali ile huletwa kwa sehemu kubwa na sitokini zako mwenyewe, intaferoni na IL-6 zikiwamo, zikiuambia ubongo ulale ili mwili upigane. Watu wa homa ya ini waliokuwa wakichomwa intaferoni walilalamika hivyohivyo, na baadhi walipata sonona. Mwenye lupasi anaishi na ujumbe huo kila siku. Mdogo wangu husema anaamka amechoka kuliko alivyolala.

Lakini usikubali kila uchovu uwekwe kwenye kapu la lupasi. Upungufu wa damu, tezi ya shingo isiyofanya kazi vizuri, kukosa usingizi, msongo wa mawazo na dawa zenyewe vyote vinachosha, na vingi kati ya hivyo vinatibika. Omba wingi wa damu upimwe.

Nilitibiwa malaria mara tatu kabla ya kujulikana. Kwa nini?

Homa, viungo kuuma, kichwa na uchovu, kwetu hiyo ni malaria mpaka ithibitike vinginevyo. Sitokini zinazopandisha joto la mwili ni zilezile, awe amezichochea mbu au mwili umejichochea. Kipimo cha malaria kikirudi hakina kitu mara ya pili, na homa inarudi pamoja na vidonda vya mdomoni, nywele kunyonyoka, viungo vya vidole kuvimba asubuhi au vipele vinavyochachamaa juani, aliyekaa mbele ya mgonjwa anapaswa kufikiria mbali zaidi. Mara nyingi kipimo cha mkojo tu, ambacho ni rahisi na kipo hata kwenye vituo vidogo, kingefungua macho mapema. Nimepokea maabara sampuli za wasichana ambao figo zao zilikuwa zimeshaumia wakati wanafika, na hilo linaniuma mpaka leo.

Kwa nini wengi wetu ni wanawake?

Katika kila wagonjwa kumi, tisa hivi ni wanawake, na wengi huanza katika umri wa kuzaa. Homoni ya estrojeni inachangia, ila kuna jambo jingine. Jeni ya kipokezi kile cha TLR7 imekaa kwenye kromosomu X. Mwanamke ana X mbili, na kwa kawaida moja hunyamazishwa, lakini katika baadhi ya seli TLR7 hukwepa kunyamazishwa, kwa hiyo seli hizo zinanusa kwa pua mbili. Wanaume wanaozaliwa na XXY, yaani X ya ziada, hupata lupasi takriban mara 14 zaidi ya wanaume wengine. Na mwaka 2022 ilichapishwa habari ya mtoto mmoja wa Hispania aliyepata lupasi kali akiwa mdogo. Herufi moja tu ya jeni yake ya TLR7 ilikuwa imebadilika, na panya walipowekewa badiliko hilohilo nao wakapata ugonjwa unaofanana na lupasi.

Watu wenye asili ya Afrika wanaoishi Marekani na Uingereza hupata lupasi mara nyingi zaidi kuliko weupe wa huko, na huwapata kwa ukali zaidi. Kwa hiyo asikuambie mtu kwamba huu ni ugonjwa wa Wazungu.

Viungo vinauma, mwili unawaka, lakini CRP yangu imerudi ya kawaida. Maabara wamekosea?

Swali hili nalipenda, kwa kuwa jibu lake limo ndani ya sitokini. CRP ni protini ya damu tunayoipima kuona kama kuna mchochota, na hutengenezwa na ini likiamrishwa hasa na IL-6. Intaferoni alfa, ambayo kwa mwenye lupasi ni nyingi, hulizuia ini lisitoe CRP. Ndiyo maana lupasi inaweza kuwa imewaka, ESR, kipimo kingine cha mchochota, iko juu, na CRP imetulia kana kwamba hakuna kitu.

Daktari makini huutumia upekee huo. Mgonjwa wa lupasi akija na homa na CRP imepanda sana, kwanza atafutiwe maambukizi: kifua kikuu, nimonia, mkojo. CRP huweza kupanda pia lupasi ikishika utando wa mapafu au wa moyo, au viungo vikivimba sana, kwa hiyo namba hiyo peke yake haihukumu.

Basi nipimwe sitokini moja kwa moja?

Kwa sasa si kipimo cha kawaida cha hospitali. Sitokini hupanda na kushuka ndani ya saa chache, na maabara mbili huweza kutoa majibu yasiyolingana. Kinachofuatiliwa ni kivuli chake: wingi wa damu, anti-dsDNA, protini za C3 na C4 ambazo hushuka zinapotumika, kreatinini inayoonyesha kazi ya figo, na protini kwenye mkojo. Na ANA ikiwa chanya peke yake haimaanishi lupasi, maana watu wengi wazima wa afya wanayo.

Jua linahusianaje na haya yote?

Miale ya jua huua seli za juu za ngozi. Kwa mwenye lupasi ngozi hujitengenezea intaferoni yake hata mahali pasipo na kipele, na intaferoni hiyo hufanya seli zife kwa urahisi zaidi zikipigwa na jua. Zikifa, vinasaba vinamwagika, na gurudumu nililolieleza linaanza kuzunguka. Ndiyo sababu siku moja ya shambani au ufukweni inaweza kufuatwa na viungo kuuma, si ngozi tu.

Ngozi yetu nyeusi haikingi vya kutosha. Vaa mikono mirefu, kofia yenye ukingo mpana au mtandio, beba mwavuli, na krimu ya jua yenye SPF 30 au zaidi ukiipata. Tena vitabu vinasema kipele cha lupasi ni chekundu kama mabawa ya kipepeo usoni. Kwenye ngozi yetu huweza kuwa cha rangi ya kahawia iliyokolea au zambarau, na aina ya duara huacha kovu jeupe katikati. Wahudumu waliofundishwa kwa picha za ngozi nyeupe hupitwa na hilo.

Figo zinaingiaje?

Karibu nusu ya wagonjwa figo huguswa wakati fulani. Mafurushi ya kingamwili hukwama kwenye vichujio, seli za pale zinatoa sitokini zinazoita chembe nyeupe, na hizo zikifika zinaumiza kichujio kilekile zilichoitiwa. Mwanzoni haiumi. Dalili huja baadaye: mkojo wenye povu, miguu na macho kuvimba, presha kupanda. Kwa hiyo mkojo upimwe kila unapofika kliniki, hata kama unajisikia mzima. Hapa sibembelezi.

Kuna jeni iitwayo APOL1 ambayo ina mabadiliko yanayopatikana kwa watu wenye asili ya Afrika, hasa Afrika Magharibi. Yalienea kwa kuwa yaliwakinga wazee wao na vimelea vya malale vinavyoenezwa na mbung'o. Mtu akirithi mabadiliko hayo kwa baba na kwa mama, figo zake zinakuwa dhaifu zaidi zikipata lupasi. Na intaferoni ndiyo inayoamsha jeni hiyo. Zawadi iliyookoa kijiji zamani inageuka mzigo pale mbiu ya intaferoni inapolia bila kikomo.

Kwa nini napewa dawa ya malaria wakati sina malaria?

Haidroksiklorokwini ni ndugu wa klorokwini tuliyoimeza utotoni, ile chungu iliyowasha mwili. Klorokwini iliachwa kutibu malaria, Kenya mwaka 1998 na Tanzania mwaka 2001, kwa kuwa vimelea vilishaizoea. Kwa lupasi hatupigani na kimelea. Mwaka 1951 daktari Francis Page wa Uingereza aliripoti kwamba wagonjwa wa lupasi waliopewa mepakrini, dawa nyingine ya malaria, walipata nafuu ya ngozi na hata viungo. Haidroksiklorokwini ilikubaliwa Marekani mwaka 1955.

Sababu ilikuja kujulikana baadaye sana: dawa hujikusanya ndani ya vifuko vya seli ambamo TLR7 na TLR9 hufanya kazi, ikavizuia visishikane na vinasaba. Intaferoni inapungua kutoka kwenye chanzo. Inachukua wiki kadhaa, hata miezi, kuonyesha kazi yake, na ndipo wengi hukata tamaa na kuiacha. Utafiti wa Kanada uliochapishwa mwaka 1991 uliwachukua wagonjwa waliokuwa wametulia, nusu hivi wakaendelea na dawa na wengine wakabadilishiwa vidonge visivyo na dawa. Waliobadilishiwa walipata hatari mara 2.5 zaidi ya ugonjwa kuwaka tena ndani ya miezi sita.

Dozi isizidi miligramu 5 kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Mtu wa kilo 60, basi, ni miligramu 300. Macho yapimwe mwanzoni, na baada ya miaka mitano yapimwe kila mwaka, kwa kuwa dawa ikizidi huweza kuharibu sehemu ya nyuma ya jicho.

Na prednisoloni?

Huzima sitokini nyingi kwa mpigo, na kwa haraka. Inaokoa maisha figo au ubongo ukishambuliwa. Shida yake ni bei mwili unayolipa: sukari, presha, mifupa kudhoofika, uso kuvimba, maambukizi. Isitoshe, kwa dozi za kawaida haiizimi vizuri ile njia ya TLR7 na TLR9, kwa hiyo alama ya intaferoni huendelea kuwaka chini kwa chini. Madaktari sasa wanalenga kushusha hadi miligramu 5 kwa siku au chini ya hapo, dawa nyingine zikibeba mzigo. Usiiache ghafla kamwe. Tezi zilizo juu ya figo, zinazotengeneza steroidi ya mwili wenyewe, zinakuwa zimelala na haziamki mara moja, na pengo hilo linaweza kuua.

Nasikia kuna sindano mpya zinazolenga sitokini.

Mbili zinahusu moja kwa moja tuliyozungumza. Belimumabu inaikamata BAFF. Ilikubaliwa Marekani mwaka 2011, miaka 56 baada ya haidroksiklorokwini, na mwaka 2020 ikaongezewa ruhusa kwa lupasi ya figo. Anifrolumabu inaziba kipokezi cha intaferoni zote za kundi la kwanza, alfa ikiwamo. Ilikubaliwa mwaka 2021. Huwekwa kwenye mshipa, miligramu 300 kila baada ya wiki nne. Katika jaribio lake la pili kubwa asilimia 47.8 ya waliopewa dawa walipata nafuu iliyokusudiwa, dhidi ya asilimia 31.5 ya waliopewa dripu isiyo na dawa. Nafuu ya kweli, ingawa utaona pia kwamba zaidi ya nusu hawakuifikia. Na kwa kuwa intaferoni ndiyo mlinzi wetu dhidi ya virusi, mkanda wa jeshi uliwapata zaidi waliotumia dawa.

Bei yake iko juu mno kwa familia nyingi za huku kwetu. Nasema hivi kwa uchungu, na nasema pia kwamba haidroksiklorokwini ikimezwa kila siku bila kuruka, presha ikidhibitiwa na mkojo ukipimwa, mgonjwa anakwenda mbali.

Kwa nini wasizuie sitokini zote tu?

Wamejaribu nyingi, moja moja. Dawa ya kuzuia IL-12 na IL-23, iliyoleta matumaini kwenye jaribio la kati, ilishindwa kwenye jaribio kubwa. Baricitinibu, inayokata ujumbe wa sitokini kadhaa ndani ya seli, nayo haikutoa matokeo yaliyolingana kwenye majaribio yake mawili. Dawa za kuzuia TNF, ambazo huwasaidia sana wenye baridi yabisi, kwa baadhi ya watu huzaa lupasi yenyewe, maana TNF na intaferoni hushikiliana kama mizani: ukishusha upande huu, ule unapanda.

Tukiwa hapo, ziko dawa nyingine zinazoweza kuleta lupasi ya muda, isoniazidi ya kifua kikuu na haidralazini ya presha zikiwamo. Ni wachache wanaopata, na huisha dawa ikisimamishwa. Usijisimamishie dawa ya TB mwenyewe. Rudi kliniki ueleze.

Jirani ananiletea mlonge na vidonge vya kuongeza kinga. Nitumie?

Majani ya mlonge kama mboga, kula. Vidonge na unga vinavyonadiwa kuwa vinaamsha kinga, kaa navyo mbali. Kinga yako imeshaamka kupita kiasi. Unachohitaji ni kuituliza. Echinacea, mmea unaouzwa kama dawa ya kuamsha kinga, ni mojawapo ya zinazoonywa, na machipukizi ya alfalfa yana kitu kiitwacho kanavanini kilicholeta hali kama lupasi kwa nyani wa maabara. Jirani anakupenda, mshukuru. Mweleze kwamba ugonjwa wako ni kinyume cha alichodhani.

Naweza kuzaa?

Wengi wanazaa salama. Ugonjwa uwe umetulia angalau miezi sita kabla ya kushika mimba, na upange na daktari mapema, kwa kuwa mikofenoleti, dawa ya kutuliza kinga, hudhuru mtoto tumboni na lazima ibadilishwe, mara nyingi kwa azathioprini. Haidroksiklorokwini huendelea wakati wote wa mimba. Upimwe kingamwili ziitwazo anti-Ro, ambazo kwa watoto wachache huathiri mapigo ya moyo, na zile zinazogandisha damu. Aspirini ya dozi ndogo hutolewa mara nyingi kupunguza hatari ya kifafa cha mimba.

Kweli kuna watu waliopona kabisa Ujerumani?

Neno "kupona" madaktari wenyewe bado wanalishika kwa tahadhari. Huko Erlangen, timu ya Georg Schett ilichukua seli T, aina nyingine ya chembe nyeupe, za wagonjwa wa lupasi kali, ikazifundisha maabara kuzitambua na kuziua seli B, kisha ikawarudishia. Mgonjwa wa kwanza, msichana wa miaka 20, aliripotiwa mwaka 2021. Mwaka 2024 walitoa habari za wagonjwa wanane wa lupasi: wote walitulia na wote walikuwa wameacha dawa zao. Matibabu yenyewe yana hatari, mojawapo ikiwa dhoruba ya sitokini, yaani seli zilizorudishwa zikipiga mbiu zote kwa pamoja, ingawa kwa wagonjwa hawa ilikuwa nyepesi kiasi na dawa ya kuzuia IL-6 ilikuwepo tayari.

Kilichonishika mimi ni kilichofuata. Baada ya miezi michache seli B zilianza kurudi kwenye damu yao. Zilirudi zikiwa changa, hazijawahi kufundishwa kumchukia mwenye mwili, na katika muda wote waliofuatiliwa lupasi haikurudi nazo.